Bima ilikwisha siku 11 tu, nikamgonga mzee wa baiskeli. Naomba ushauri (Pemba)

Karafuu Kavu (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Uzi huu nauandika kwa aibu. Nimekaa nao moyoni wiki tano, na wiki tano zimenishinda.

Nakaa Chake. Nina Carina ya kwendea kazini na kuwapeleka watoto skuli, basi. Bima yake ilimalizika siku ya Jumatano na nilijua, maana wakala alinitumia ujumbe mara mbili. Na pesa nilikuwa nazo, wallahi. Bima ndogo ya gari yangu haifiki laki na nusu kwa mwaka mzima. Lakini mwezi ule shemegi yangu alikuwa anaoa, mafuta ya gari, kanzu za watoto, mara hiki mara kile, na askari wa njia yetu wengi tunajuana. Nikajisemea nitakata mwisho wa mwezi.

Siku ya 11, baada ya Magharibi, narudi kutoka Wete. Kupita Ole kidogo ikanijia gari na taa zake kamili usoni, sikuona kitu. Mbele yangu kumbe kuna mzee anaendesha baiskeli, nyuma kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Nilisikia kishindo, kisha nikaona majani yamejaa kioo kizima. Nikadhani nimeingia kichakani.

Mfupa wa paja umevunjika. Tukamtia kwenye gari mimi na vijana wa pale, polisi tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, hospitali. Kurudi kituoni naulizwa leseni, natoa. Kadi ya gari, natoa. Bima? Nikanyamaza. Yule askari tumesoma pamoja, naye akanyamaza. Tulikaa hivyo kidogo, halafu akaanza kuandika.

Gari ililala kituoni siku 9. Nyumbani kwa sheha wazee wa pande mbili wakakaa, ikasomwa fatiha, mzee mwenyewe akasema kwa kinywa chake "ajali ni kadari, mwanangu, nimekusamehe". Nililia. Nikajua yamekwisha.

Hayajaisha. Mtoto wake yuko Maskati, alinipigia simu wiki ya pili. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema: "Msamaha wa baba ni wa baba. Mimi nakuuliza nani anailisha nyumba mpaka asimame." Sikuwa na jibu ila kulipa. Chuma cha mguuni laki nne na themanini. Baiskeli laki mbili na nusu. Elfu 60 kila wiki ya matumizi ya nyumba. Dawa, gari ya kumpeleka na kumrudisha. Nikijumlisha mpaka juzi nimeshapita milioni moja na laki tatu, na daktari anasema miezi minne mingine ndiyo aanze kutembea na gongo. Kesi ya barabarani nayo iko palepale.

Swali langu: bima nimekata sasa, wiki mbili zilizopita. Kuna njia yoyote ikasaidia? Kuna rafiki yangu ananiambia yupo mtu anaweza "kuirudisha nyuma" tarehe.

---

Dereva wa 116

Pole sana kaka. Mimi niko njia ya Nungwi mwaka wa 14 huu, nakwambia kweli: asilimia kubwa ya sisi bima tunamkatia trafiki. Hatukati kwa ajili ya mtu. Siku tukisikia leo wako Mahonda wanakamata, utawaona watu wanavyokimbilia kwa mawakala. Siku hawapo, kila mtu ana "kesho".

Hiyo ya kurudisha nyuma achana nayo, utaongeza kesi juu ya kesi.

---

Barzani Hatulali

Kadari ya Mungu bwana. Kama mzee kasamehe, huyo mtoto wa Maskati anataka nini? Watu wakienda Arabuni wanajiona mahakimu.

---

Karafuu Kavu

@Barzani Hatulali usiseme hivyo. Yule mzee kazi yake ni kukata majani na kukamua maziwa ya ng'ombe mmoja, anauza lita kadhaa kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemkata mkono, si mtoto wake.

---

Wakala Mkweli

Wa alaykum salaam. Nafanya kazi ya bima Mjini, naomba nijibu moja moja, na sitataja kampuni yangu msije mkasema natafuta wateja.

Kwanza hiyo bima uliyoikata baada ya ajali: haisaidii hata shilingi. Bima inaanza pale ulipolipa, haiangalii nyuma. Na huyo mtu wa kurudisha tarehe ni mwizi, nakuomba usimpe hata mia. Zamani, enzi za stika za karatasi, vishoka walikuwa wanaandika wanachotaka. Sasa stika ni ya kielektroniki, inatoka kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ina wakati ilipotolewa. Askari, wakili, hata wewe na simu yako unaweza kuingiza namba ya gari ukaona ina bima au haina, na tangu lini. Ripoti ya polisi inasema ajali tarehe fulani, mfumo unasema bima tarehe nyingine. Hapo unaondoka kwenye mtu aliyezembea unaingia kwenye mtu aliyeghushi.

Pili, ujue ulichokikosa. Watu wanadhani bima ndogo ni kikaratasi cha kuoneshea. Ile bima ndogo haikulindi wewe wala gari yako. Inamlinda yule mzee. Ungekuwa nayo, ungeripoti kwetu, ungeleta ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, na kuanzia hapo matibabu, kipato alichokipoteza, ulemavu kama Mungu hakujaalia akapona sawasawa, baiskeli, yote yangekuwa mazungumzo kati ya familia na kampuni. Ingewezekana tukabishana, sikatai. Angeweza kuambiwa hakuwa na taa na mzigo wake ulizidi, fidia ikapungua. Lakini angebishana na mtu mwenye pesa. Sasa anabishana na mshahara wako.

Pole sana ndugu yangu.

---

Mama wa Wawili

Nimesoma mpaka mwisho nikafunga simu, nikarudi tena. Naomba mnisikilize mimi niliyeko upande wa pili.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabati. Wakati wa karafuu, miaka mitatu nyuma, alipanda kipikapu cha mizigo na wachumaji, wako nyuma na magunia, wako kama 15. Ilipinduka kwenye kona. Wawili walikufa. Mume wangu aliumia uti wa mgongo. Yu hai, alhamdulillah, lakini hapandi tena juu ya nyumba ya mtu, hata kiti anashikwa ili akae.

Gari haikuwa na bima. Mwenye gari hakuwa dereva, alimpa kijana kwa hesabu ya siku. Tukaenda mahakamani, nilikuwa nauza sambusa ili nipate nauli ya kwenda kwa wakili. Tukashinda. Tukapewa hukumu ya fidia ya milioni sita, imepigwa muhuri, iko kabatini ndani ya mfuko wa nailoni nisije nikaiharibu na maji. Mwenye gari hana kitu. Ile pikapu iliuzwa chuma chakavu. Ana nyumba ya urithi wanayokaa ndugu saba. Utamfunga? Nikimfunga mimi napata nini? Siku hizi tukikutana sokoni ananisalimia kwa kichwa chini, mimi nami naitikia.

Nasikia watu wanasema "nikiendesha bila bima nitapigwa faini". Faini ni nini? Faini unailipa ukaisahau. Mimi ndiye faini yake yule bwana, na mume wangu, na watoto wangu.

Kwa hiyo @Karafuu Kavu, elfu 60 yako ya kila wiki ni zaidi ya tulichokipata sisi miaka mitatu. Sikusifu. Nakwambia tu.

---

Wakala Mkweli

Bi Mama wa Wawili, Mungu akupe subira. Naongeza jambo kwa ajili ya wengine, kwa sababu msimu ukifika haya hurudi palepale: hata kama ile pikapu ingekuwa na bima ya gari ya mzigo, waliokaa nyuma juu ya magunia wangekuwa na mtihani. Gari ya mzigo bima yake inaandikwa kwa mzigo. Ukijaza watu, kampuni ina pa kushika ikukatalie. Kama unabeba wachumaji sema unabeba wachumaji, ukatiwe bima inayolingana.

---

Mwanasheria Mkaidi

Nimefurahi mmeligusa la mwenye gari. Hapa kwetu mtu anasema "mimi sikuwa naendesha". Sheria za bima ya lazima haziishii kwa dereva. Aliyeruhusu gari yake itumike barabarani bila ya bima naye ameshavunja sheria, awe kalala kwake Machomane au yuko Dubai. Mkitoa gari kwa hesabu, mkimwachia mpwa wenu, mkimuazima jirani aende harusini Konde, bima ikiwa imekwisha na nyinyi mmo ndani.

La pili, watu wanachanganya sulhu na hukumu. Kwetu fatiha ina uzito na mimi siidharau, imeokoa watu wengi na visasi. Lakini msamaha wa barazani haufuti kesi ya barabarani, ile ni ya serikali dhidi yako. Wala haumzuii mzee kudai fidia mahakama ya kawaida akibadilisha mawazo, labda muwe mmeandikiana makubaliano ya fidia yenye kueleweka. Na msiende kwa Kadhi na haya, kwa Kadhi ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo.

Ushauri wangu kwako: mkae tena kwa sheha, safari hii muandike. Umeshalipa nini, kwa tarehe gani, na mtaendelea vipi. Saini za pande mbili, mashahidi. Ukifika mbele ya hakimu na daftari hilo si sawa na kufika na maneno. Na risiti za hospitali usitupe.

---

Kijana wa Paje

Aisee mmenitisha. Mimi nina Escudo mbili na Rav4 nakodisha kwa wageni huku. Zote zina bima, nimeangalia sasa hivi kwenye simu, ziko hai mpaka mwezi wa tatu. Si niko salama?

---

Wakala Mkweli

@Kijana wa Paje bima ya matumizi gani? Binafsi au ya biashara?

---

Kijana wa Paje

Binafsi. Wakala alisema ni rahisi zaidi 😅

---

Wakala Mkweli

Basi hiyo siyo bima, ni stika. Sina namna ya kulipamba. Gari iliyoandikwa matumizi binafsi ikikamatika imekodishwa kwa mgeni, kampuni itauliza swali moja tu: alikulipa? Mgeni akisema ndiyo, madai yanarudi kwako. Na kitu cha kwanza atakachoulizwa mgeni ni kibali cha kuendesha hapa Zanzibar, akiwa hana ndio kabisa.

Na usinijibu kwamba wageni wana bima yao. Kweli, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje analipa dola 44 ya bima ya safari kuingia Zanzibar. Hiyo ni yake yeye, akiugua, akiumia, akipoteza mizigo. Haijengi baiskeli ya mtu wa Jambiani.

Kesho asubuhi nenda ukabadilishe. Utaongeza pesa, utalala usingizi.

---

Kijana wa Paje

Dah. Sawa bro.

---

Chai Maharage

Kuna na mchezo mwingine. Unanunua gari Unguja, kioo kina stika ina miezi minane, unaivusha Pemba unasema "nimepata na bima juu". Mimi yalinikuta. Nilimgonga mbuzi (mbuzi tu, alhamdulillah) nikaenda kampuni na kifua mbele, naambiwa jina hili si lako. Bima ilikuwa ya yule aliyeniuzia. Bima ni mkataba wa mtu na kampuni, haihami na gari kama tairi la akiba. Mbuzi nikamlipa mwenyewe, laki na ishirini, na nyama sikupewa.

---

Barzani Hatulali

😂😂 Na nyama hukupewa!

Haya jamani, mimi niulize la wengi ambao hawasemi. Bima ni halali? Maana ninaowajua mimi wasiokata, nusu yao ni uvivu, nusu wanasema ni kamari, unalipa mwaka mzima hujapata ajali pesa imekwenda.

---

Ustadh wa Mtambwe

Swali zuri na wanazuoni wamelizungumza sana. Wanaokataa bima ya biashara hoja zao kubwa ni gharari, yaani kuuziana kisichojulikana, na riba kwenye vitega uchumi vya kampuni. Ndiyo maana ikaja takaful, ambayo wanachama wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na pesa haziwekezwi kwenye haramu. Kwa Zanzibar takaful ipo, haihitaji tena kuulizia Sudan au Malaysia. Mwenye dhiki ya moyo aende huko.

Lakini nitasema ninaloliona. Sijamuona mtu aliyeacha bima kwa ucha Mungu akaenda akatenga laki na nusu ile kila mwaka pembeni, akasema hii ni ya nitakayemgonga. Angekuwepo, ningemsikiliza. Tunayemuona ni yule anayesema bima ni haramu, na akigonga anasema hana kitu. Haki ya mja haifutwi kwa fatwa uliyojipa mwenyewe.

---

Dereva wa 116

Ustadh hapo umepiga msumari.

---

Mwanasheria Mkaidi

Mimi nina la pembeni. Wenzetu Afrika Kusini wamefanya hivi: fidia ya walioumia inatoka kwenye mfuko mmoja, na mfuko unajazwa kwa tozo ya kila lita ya mafuta. Ukitia mafuta umeshachangia, hakuna cha "nimesahau". New Zealand nao tangu 1974 mtu akiumia analipwa na mfuko wa serikali bila kuulizwa nani mwenye kosa. Sisi mfumo wetu tumeuchukua kwa Waingereza, wao walilazimisha bima ya mtu wa tatu, hii tunayoiita ndogo, kwa sheria ya mwaka 1930. Ila Waingereza baadaye, 1946, wakaongeza chombo kinachogharimiwa na kampuni za bima zenyewe cha kumlipa aliyegongwa na gari isiyo na bima. Bi Mama wa Wawili angekuwa kule, ile hukumu isingekaa kabatini.

Najua mtaniambia tozo nyingine kwenye mafuta hatuitaki. Nimesema tu.

---

Dereva wa 116

Hatuitaki 😀 Mafuta haya haya?

---

Mama wa Wawili

Mimi naitaka.

---

Barzani Hatulali

Nimeingia kwenye simu kuangalia gari yangu. Imekwisha tangu mwezi wa kumi na moja. Nacheka hapa peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba ipo. Mke wangu ananiuliza unacheka nini.

---

Wakala Mkweli

Usiitoe nje mpaka ukate. Na wewe si wa kwanza leo, nimepokea watu wanne kwenye meseji tangu uzi huu uanze. Mmoja anauliza kubwa au ndogo. Kama gari yako ni ya milioni 12 na una mkopo wake, au ndiyo inayokulisha, fikiria kubwa. Huwa ni asilimia ya thamani ya gari, mimi ya kwangu nililipa 3.5%, kwa milioni 12 ni laki nne na ishirini kabla ya kodi. Hiyo inatengeneza na ya kwako. Kama gari ni kuukuu na ikifa umeshakula matunda yake, ndogo inatosha. Ila hiyo ndogo haina mjadala, ni lazima kwa sheria.

Na ukiona kampuni inakuzungusha na una haki, usikate tamaa ukakaa barazani kusema bima ni wezi. Yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, amewekwa na sheria ya bima ya 2009 kwa kazi hiyo.

---

Chai Maharage

@Karafuu Kavu vipi, mmeshakaa tena kwa sheha?

---

Karafuu Kavu (mrejesho)

Samahanini kwa kimya. Tumekaa Jumapili. Nimefanya kama alivyosema Mwanasheria, tumeandika. Mtoto wa Maskati alikuwa hewani kwenye simu, imewekwa juu ya mkeka katikati. Elfu 60 kwa wiki mpaka daktari amruhusu, matibabu yote juu yangu, na ikiwa mguu utabaki na kasoro tutakaa tena. Nimeiuza ile Carina. Nimepata chini ya nilivyotaka maana bonde la mbele bado liko vilevile. Watoto wanakwenda skuli na daladala.

Bi Mama wa Wawili, maneno yako nilimsomea mke wangu. Ndiyo siku ya kwanza nilipomwambia kila kitu, hata hizo siku 11.

Rafiki wa kurudisha tarehe nimemkatalia. Amenuna.

Kuna moja sikuliandika mwanzo kwa sababu niliona dogo. Siku ya pili baada ya ajali nilikwenda hospitali, mzee mguu umening'inizwa, nikamuuliza baba unahitaji nini. Nilidhani atasema pesa, au chakula, au nimwite mtu. Akaniambia: "Ng'ombe hajala tangu jana."

Hakuna wa kumkatia. Wajukuu wadogo, mtoto yuko mbali. Tangu siku ile nakata mimi. Wiki ya kwanza mikono ilivimba, panga sijalishika tangu skuli. Sasa nimezoea, najua na majani anayoyakataa. Jana kaniona nafunga mzigo, akaniita dirishani akasema nafunga vibaya, utamwagika njiani, akanielekeza kamba ipite wapi.

Taa nimeifunga nyuma ya baiskeli, ile nyekundu ya kumetameta. Nakuageni, Alfajiri imeshaadhiniwa na bonde la majani liko mbali.